Baba Akifunga Kamba za Viatu

12 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Kikohozi kimeniachia, na chumbani tumebaki wawili baada ya yule mwenzetu anayekoroma kuhamia kwa mkewe, Mungu amsaidie mke. Kazi ni ileile. Mashuka ya mahoteli yanatoka kwenye mashine za kufulia yakiwa mabichi, mimi na mwenzangu tunayashika pembe huku na huku, tunayalisha kwenye rola za moto, yanatokea upande wa pili makavu, hayana hata mkunjo. Kutwa nanyoosha mashuka watakayolalia watu wengine, mimi mwenyewe nalalia blanketi. Cheka, nakujua.

Nimefurahi kusikia kwamba daktari wa meno amenunua picha nyingine ya kutundika pale wagonjwa wake wanaposubiri. Ile ya watoto wawili kwenye beseni moja naikumbuka tangu ulipokuwa unaianza. Yule mdogo alikuwa analia, povu limemwingia machoni, na wewe unamwambia alie vizuri asitikisike. Kweli watu wana mambo. Wana watoto wao nyumbani, lakini ukutani wanataka wa wenzao.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Chini ya barua yako ya mwisho binti yangu aliandika mstari wake mwenyewe, kwa herufi zinazopanda mlima: "Baba, wewe unafika kwenye mlango au kwenye dirisha?" Kumbe yule Chiriku hata kwenye karatasi hawezi kunyamaza. Nilisoma nikacheka, halafu chakula kikanishinda. Mtoto hajui urefu wangu, dada. Nilimwacha anajishikilia kwenye viti, mama yake ameshatangulia mbele ya haki, na sasa huyo anakaribia kuanza shule. Mwisho wa mwaka mkataba wangu unakwisha na nitarudi. Sitaki nikifika ajifiche nyuma ya gauni lako kama ameona mgeni.

Nichoree picha. Mimi na yeye, kama zile unazowachorea watu. Nimekaa kwenye benchi, yeye amesimama mbele yangu na sare mpya, namfunga kamba za viatu siku yake ya kwanza ya shule. Baba alikuwa anatufunga sisi, unakumbuka, anakaza mpaka mguu unakufa ganzi. Ikiisha itundike juu ya kitanda cha Chiriku. Akiamka anione, akilala anione, mpaka nifike.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Paa la jikoni linavuja palepale ulipoziba, kwa hiyo usijisifu tena kwamba uliziba. Chiriku ameng'oka jino la mbele, akisema "shangazi" anapiga mluzi. Daktari wa meno alipita kuniambia watoto katika picha zangu wawe wanacheka, eti wagonjwa wake wanaingiwa na hofu. Nikamwambia mimi nachora watoto walivyo nyumbani kwao, na sijaona anayecheka akisuguliwa masikio.

Umeniomba kitu kigumu, na unajua ni kigumu. Mimi sichori nisichokiona. Nikimchora mama ananyonyesha, mama yupo mbele yangu, mtoto analia na maziwa yanamwagika. Wewe nakutoa wapi? Nina picha moja tu ya kamera, ile uliyopigwa kwa ajili ya pasipoti, umekodoa macho kama mtu aliyekanyagwa. Uso nitautoa hapo na kichwani mwangu. Lakini magoti, mgongo unavyoinama, koti linavyojikunja kiwikoni? Hayo hayabuniwi.

Nikawaza mpaka nikapata. Kuna fundi seremala, amepanga chumba cha pili kutoka kwangu, ndiye anayenitengenezea fremu. Alifiwa na mkewe kabla hawajajaliwa mtoto. Kwa mabega mnakaribiana. Nikamtolea koti lako la kahawia kutoka sandukuni, nikalikung'uta, akalivaa, likamkaa. Lakini mtu yule hajui kukaa kitako! Mara anajikuna, mara anainama kutazama miguu ya benchi langu, anasema haiko sawa, anataka kulipindua alitengeneze na mimi nimeshashika brashi. Chiriku akasimama mbele yake kama askari, mguu mmoja mbele. Fundi akashika kamba. Nikasema, "Hapohapo, usipumue." Akaganda kweli, mashavu yamemjaa, na mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Siku nzima ikapita hivyo, sikupata hata kiatu kimoja.

Sasa sikiliza. Mikono yake siwezi kuitumia. Imeganda gundi, na ukucha mmoja umekufa. Weka mikono yako yote miwili juu ya karatasi, izungushie penseli, unitumie. Nikipata umbo, mengine nayakumbuka. Mikono angalau iwe yako, na lile gumba fupi la ukoo wetu lionekane.

Dada yako

2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa sauti hapa chumbani. Mwenzangu wa rola sasa anamjua fundi wako kama anayemwona. Asubuhi kazini ananiuliza, "Vipi, viatu vimeshafungwa?" Namjibu bado, hata kimoja.

Wageni wamejaa mahotelini, mashuka yanakuja kama hayana mwisho, na msimamizi anataka rola zisisimame hata kidogo. Tukila, tunakula kwa zamu. Lakini moyo wangu ni mwepesi siku hizi. Nikishika shuka namfikiria Chiriku amesimama na mguu wake mbele, na siku inakwenda.

Mikono nitatuma. Sijapata karatasi kubwa ya kutosha, usicheke, imekua kwa kazi.

Ila nikuulize. Akisimama pale mbele ya benchi, Chiriku anajua kwamba yule ni mimi? Mwambie kila mara. Mwambie fundi ameazima koti tu, mwenye koti yuko njiani. Na fundi mwenyewe mshukuru sana, umwambie asilizoee.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mvua imekwisha kwa hiyo paa tumelisahau. Chiriku ameanza shule. Siku ya kwanza ilikuwa vita. Viatu nilimfunga mimi, akasema nimefunga vibaya, akavifungua, akakaa mlangoni na mkoba mgongoni, hatoki mpaka fundi aje. Fundi akaja na randa mkononi, akapiga goti, akafunga. Mtoto akaondoka bila kugeuka. Sasa anamfundisha kufunga mwenyewe, wanatumia kamba ya katani na kipande cha ubao kilichotobolewa matundu. Kuhusu uliloniuliza, namwambia kila anaposimama pale kwamba yule ni wewe. Ananiitikia, "Ndiyo, shangazi."

Picha inakwenda vizuri, nakwambia ukweli. Benchi limekaa, mwanga wa dirishani unaanguka pale nilipotaka, sare ina ile rangi ya buluu ya nguo ambayo bado haijafuliwa. Na kuna kitu nimekipata ambacho sikukitafuta. Akiwa amesimama mguu mmoja, Chiriku aliweka mkono begani kwa fundi ili asianguke, halafu akausahau hapo. Sikumwambia mimi. Miaka yote nachora watoto wa watu na mama zao na baba zao, na sijawahi kupewa mkono kama ule, umelala tu, hauna habari. Niliuchora kwa haraka, roho mkononi, nikiogopa atauondoa. Itakuwa picha yangu bora kuliko zote.

Kulikuwa na jambo jingine nilitaka kukuandikia, limenipotea. Labda barua ijayo. Mikono yako iko wapi?

Dada yako

30 Julai

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Nimehamishwa, siko tena kwenye rola. Nachambua nguo chafu kabla hazijaingia kufuliwa. Ni kazi nyepesi.

Mwandiko usikushangaze, naandikia magotini. Mikono uliyoitaka nimeizungushia, ni hiyo karatasi ya pili. Mbusu Chiriku. Usiniulize mengi, nimechoka tu.

Mdogo wako

5 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa sijui namwitikia nani. Sisi wazima, jino la Chiriku limeota, limekuja kubwa kama la mtu mzima. Habari nyingine sina hamu nazo.

Nimekaa na ile karatasi yako mezani, nimeigeuza, nimeiweka dirishani. Mimi nachora mikono ya watu tangu ujana wangu. Gumba la hapa ni refu, limenyooka. Vidole ni vyembamba, vya mtu ambaye mama yake si mama yetu. Nimeweka mkono wangu juu yake na haukubaliani hata mahali pamoja, na wewe na mimi tulikuwa tukilinganisha mikono ukutani tukiwa wadogo, wangu mkubwa na wako mdogo lakini umbo moja.

Na ule mwandiko! Chiriku ameuona, akaniuliza, "Kwani baba naye yuko darasa la kwanza?"

Picha imekwisha. Kila kitu kipo, na uso wako upo, umetoka vizuri kuliko ule wa pasipoti. Juu ya kiatu nimeacha nafasi mbili nyeupe. Zinanitazama nikila, zinanitazama nikifagia. Mikono hii ni ya nani, na yako iko wapi? Usinizunguke. Mimi nimekubeba mgongoni.

Dada yako

9 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo.

Mikono ni ya mwenzangu wa rola. Nilimwomba, akaweka yake mezani bila kuniuliza kitu. Wangu wa kulia uliingia kwenye rola pamoja na shuka, mwishoni mwa mwezi wa tano. Pindo lilikuwa limejikunja, nikataka kulinyoosha kabla halijaingia, na zile rola hazimngoji mtu. Waliposimamisha mashine ulikuwa umeshaingia mpaka kwenye kifundo cha mkono. Vidole vitatu wamevikata. Kimoja kimebaki na hakikunji, na gumba letu la ukoo limesimama peke yake, halina wa kushikana naye. Hii naandika kwa mkono wa kushoto. Magotini ulikuwa uongo.

Nimejaribu kufunga kamba za viatu. Nilijifungia bafuni ili mwenzangu asinione. Nimejaribu kwa meno, nimejaribu kwa kukanyaga ncha moja. Siwezi. Sasa asubuhi mwenzangu ananipigia goti na kunifunga yeye, na anakaza mpaka mguu unakufa ganzi. Nikimtazama utosini namkumbuka baba, naona aibu, natazama dari.

Sikukwambia kwa sababu nilitaka kuwe na mahali pamoja duniani ambapo nina mikono mizima na nafanya nayo kitu cha maana. Nilidhani itakuwa hiyo picha. Chora hiyo ya mwenzangu, yeye ameridhia.

Nimekwambia yangu yote. Lile lililokupotea mwezi wa tano, umelipata? Niambie hata kama ni baya. Nimeshazoea kuambiwa mabaya.

Mdogo wako

18 Novemba

Mdogo wangu,

Nimelia, nikanyamaza, nikalia tena. Leo sikuandikii habari za paa.

Mikono nimeichora. Nilichukua umbo la mwenzako nikalifupisha gumba. Ni mara ya kwanza nimechora kitu ambacho hakipo popote.

Ulichoniuliza ni hiki. Chiriku anamwita fundi baba. Ilianza pale kwenye benchi, siku ileile ya mkono begani. Fundi alikaza kamba, mtoto akasema, "Baba, unabana." Ilimtoka tu. Fundi akanitazama. Nami ningesema palepale, "Huyo si baba, mama, huyo ni fundi," na mambo yangeisha kwa kicheko. Lakini ule mkono ulikuwa bado umelala begani, na nilikuwa sijaumaliza. Nilijua nikisema neno atauondoa na sitaupata tena. Nikainamia rangi, nikanyamaza, nikachora. Kesho yake akasema tena, na siku ya tatu likawa ndilo jina lake. Nimeshamrekebisha mara nyingi tangu hapo. Ananiitikia, "Ndiyo, shangazi," kisha anatoka mbio kwenda karakana na namsikia huko anamwita vilevile.

Nilipomaliza mikono nikamwita aione picha. Alisimama akaitazama sana. Akasema, "Nzuri, shangazi. Lakini kwa nini baba umemwekea uso wa mtu mwingine?"

Nikamwambia, "Huyo ndiye baba yako, mwanangu. Huyo ndiye yuko njiani." Akakutazama kwa adabu, kama anavyomtazama daktari wa meno, akasema sawa. Hataki itundikwe juu ya kitanda. Anasema mtu yule anamkodolea macho.

Fundi alivua koti siku hiyohiyo, akalikunja, hataki kulivaa tena. Angekuwa mtu mbaya ningemfukuza, tatizo ni kwamba ni mwema. Ameniambia anataka anioe. Sijamjibu. Nimesema mpaka mdogo wangu arudi.

Kwa hiyo rudi. Rudi na mkono wako ulivyo, mimi nitakufunga viatu mbele ya watu na atakayecheka atanijua. Chiriku bado mdogo, atajifunza upya. Nakusubiri.

Dada yako

27 Desemba

Dada yangu,

Shikamoo. Mkubali fundi.

Mkataba wangu uliisha. Begi nilikuwa nimeshalipanga, mwenzangu akanifungia zipu. Kisha msimamizi akaniita akasema kwenye nguo chafu wananihitaji bado, kama nataka nibaki. Nikasaini palepale, kwa kushoto. Usinitukane kabla hujamaliza kusoma.

Nilikuwa najiona naingia pale nyumbani. Chiriku angeambiwa, "Baba huyu," naye kwa vile ana adabu angekuja. Angeniletea mguu, maana hicho ndicho baba anachofanya kwenye picha. Mimi ningefanya nini na huo mguu? Na fundi angekuwa amesimama mlangoni, hajui aingie au aondoke. Yeye amefunga vile viatu kila siku. Mimi nimefunga mara ngapi? Ningemwondoa pale kwa lipi? Wewe ulinyamaza kwa sababu ya picha, lakini picha niliiomba mimi. Mimi ndiye niliyemtafutia mtoto mtu wa kukaa kwenye nafasi yangu, na nikamvalisha koti langu. Nililia siku mbili, dada. Sasa nimeacha, si kwa sababu machungu yamepungua.

Wewe mwenyewe unasema huchori usichokiona. Uso wangu hujauona miaka. Katika picha ile kila kitu ni cha mtu aliyekuwepo, isipokuwa uso na mikono. Vifute. Rudisha mikono yake, na gundi yake na ukucha wake uliokufa. Ndiyo iliyofunga. Weka uso wake. Kisha itundike juu ya kitanda, kama tulivyokubaliana.

Koti mpe, liwe lake.

Lile swali la Chiriku sikuwahi kulijibu. Nafika kwenye mlango, nainama kidogo. Lakini hakuna haja ya kumwambia.

Mdogo wako

9 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Fundi amepanda juu ya jikoni na mabati mapya, na paa halivuji tena. Nimemkubali. Chiriku amepanda darasa, anafunga viatu mwenyewe, mafundo mawili.

Nilikaa na barua yako muda mrefu nikikataa. Nilikuandikia mbili za matusi nikazichana. Nikasema nitangoja labda utabadili nia, nikawa natazama njia kila anapopita mleta barua. Kisha nikaona mtoto anazunguka mbali akipita mbele ya picha, kama kuna mbwa pale, nikajua uliyoyasema ni kweli.

Nikaanza. Mikono haikunisumbua. Rangi ya uso wako ilikuwa imeshakauka, kwa hiyo niliikwangua kwa kisu kwanza, kisha nikaisugua kwa tapentaini. Paji lilitoka upesi, na mdomo. Macho yalikataa. Nilisugua mpaka kitambaa kikawa cheusi chote na bado ulikuwa unanitazama.

Chiriku akarudi kutoka shule. Akaweka mkoba chini, akasimama nyuma yangu. Nilijua ataniuliza namfuta nani, na nilikuwa nimeshaandaa jibu, nimelirudiarudia tangu asubuhi. Hakuuliza. Alitazama kitambaa changu kilivyochafuka, akaenda jikoni, akaniletea kingine safi.

Dada yako